Kwa nini benki Marekani inaweza kuchukua gari lako usiku, hata kama hati iko kabatini mwako?

Binamu yangu anayeishi Buffalo, jimbo la New York, alinunua gari kwa mkopo wa miaka mitano. Wiki kadhaa baadaye posta ikamletea bahasha kutoka DMV, idara ya jimbo inayosajili magari. Ndani mlikuwa na taito, yaani hati ya umiliki, yenye jina lake. Akanipigia simu kwa wasiwasi. Mimi nimekulia Nakuru, ambako logbook, yaani hati ya gari la baba, ilifungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba, basi nikamshauri kama mtu anayejua: "Hao wamekosea. Nyamaza, uifiche."

Aliyekosea alikuwa mimi.

Kenya, gari la mkopo kwa kawaida huandikishwa kwa majina mawili, la benki na la mnunuzi. Tanzania, mkopeshaji hukaa na kadi ya gari hadi alipwe shilingi ya mwisho. Ukikulia huku unaamini kwamba karatasi ndiyo gari, na aliyeishika ndiye mwenyewe. Nilipoipeleka imani hiyo Marekani ilinizalia makosa mawili kwa mpigo: kwamba karatasi ikiwa benki basi gari ni la benki, na kwamba karatasi ikiwa kwako basi benki haina la kufanya. Kosa la pili ndilo la hatari, maana wapo wanaolala usingizi mnono kwa sababu hiyo na kuamka hawana gari.

Hati za magari Marekani ni mambo ya majimbo, na kila jimbo lina tabia yake. New York na majimbo mengine machache humtumia mnunuzi taito hata kama anadaiwa. Majimbo mengi humpa mkopeshaji. Texas na Florida zina mfumo ambao taito inaweza kubaki kumbukumbu ya kompyuta tu hadi deni liishe, haipo kwa yeyote. Ohio ni kioja zaidi: namba za gari unachukulia ofisi moja, taito unaifuata kwa karani wa mahakama ya kaunti. Lakini kote huko haki ya mkopeshaji ni ileile. Haitegemei karatasi imelala wapi, inatokana na mkataba wa mkopo, na watu wengine huiona kwenye mstari mmoja wa taito wenye jina la aliyekopesha. Haki hiyo inaitwa lieni.

Mfikirie mbuzi. Umemnunua kwa pesa za jirani, na mmekubaliana afungwe kamba shingoni, ncha nyingine ikae mkononi mwa jirani. Mbuzi ni wako. Maziwa ni yako, akizaa watoto ni wako, na akila mahindi ya watu fidia unalipa wewe. Jirani hana mbuzi, ana kamba. Ukimuuza mbuzi, mnunuzi anamchukua pamoja na kamba yake, na siku moja anashangaa kuona mbuzi anavutwa kuelekea ua asioujua. Ndiyo maana sheria inataka kamba ionekane. Kamba iliyofichwa chini ya manyoya humdanganya mnunuzi asiye na hatia, kwa hiyo mkopeshaji ambaye hakuhakikisha jina lake limeingia kwenye taito anaweza kujikuta ameshika hewa. Kuandikwa huko ndiko kunakoifanya kamba iwe na nguvu mbele ya watu wengine. Wewe ukiifungia taito kabatini, umefungia picha ya kamba tu.

Kwamba mwenye gari ni wewe, angalia nani analipa kodi. Ukiishi jimbo la Washington ukavuka mto kununua gari Portland, Oregon, ambako hakuna kodi ya mauzo, furaha yako inaishia siku ya kusajili: Washington itadai kodi yake, kwa sababu inayohesabika ni mahali gari linaposajiliwa. Virginia, kaunti na miji hutoza kodi ya gari kila mwaka, na bili inakuja kwako hata kama mkopo bado mbichi. Sijasikia benki ikigombania heshima hiyo.

Sasa kamba inavutwaje? Majimbo yote 50 yamepitisha, kila moja na marekebisho yake, sehemu ya 9 ya kanuni sare ya biashara inayojulikana kama UCC. Kifungu 9-609 kinasema kwamba mkopaji akishindwa kutimiza mkataba, mkopeshaji anaweza kuchukua dhamana bila kupitia mahakamani, mradi tu asivunje amani. "Kushindwa" ni nini, mkataba wenyewe ndio unaoeleza, na kwenye mikataba mingi awamu moja iliyochelewa inatosha. Baadhi ya majimbo yanalegeza. Wisconsin, kwa mfano, mkopaji lazima kwanza apewe notisi na nafasi ya kudai shauri liende kwa hakimu.

Na kuvunja amani ni nini? Kanuni haikueleza, imewaachia majaji, na majaji hawasemi kwa sauti moja. Kwa jumla, gari lililoegeshwa barabarani au uani penye uwazi linaweza kuburutwa saa tisa usiku bila neno. Kuvunja kufuli ya gereji hapana. Kutishia hapana. Na ukitoka na kanga yako kiunoni ukasema wazi "sikubali", mahakama nyingi humtaka mchukuaji aondoke, ingawa hakuna kinachomzuia kurudi kesho ukiwa umelala. Kwa lugha ya mbuzi: jirani anaruhusiwa kuvuta kamba, haruhusiwi kuvunja lango wala kupigana nawe.

Kinachonifurahisha zaidi ni habari ya polisi. Mwaka 1972, katika kesi ya Fuentes dhidi ya Shevin, iliyohusu jiko la gesi na gramafoni ya stereo vilivyonunuliwa kwa mkopo Florida, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba afisa wa serikali hawezi kumnyang'anya mtu mali kwa ajili ya mdai kabla mtu huyo hajapewa nafasi ya kusikilizwa. Katiba inamlinda dhidi ya dola, yaani serikali. Lakini kijana mwenye lori la kuburuta magari si dola, ni mfanyabiashara, na mahakama kwa kawaida zimeona kwamba ulinzi ule haumgusi. Matokeo yake ni kinyume cha unavyotarajia: askari mwenye sare anahitaji amri ya mahakama, asiye na sare hahitaji. Na askari akija kumsaidia yule wa lori badala ya kusimama tu kando, uchukuaji wenyewe unaweza kubatilika, kwa sababu dola imeingiza mkono kwenye kamba.

Kuchukuliwa gari si mwisho wa hesabu. Mkopeshaji lazima akujulishe kabla ya kuuza, na mauzo yawe ya busara ya kibiashara, si kumuuzia shemeji yake kwa bei ya baiskeli. Kabla halijauzwa unaweza kulikomboa kwa kulipa deni lote pamoja na gharama. Likiuzwa kwa zaidi ya deni, ziada ni yako, jambo ambalo lisingewezekana kama gari lingekuwa la benki. Mara nyingi, lakini, mnada hauleti za kutosha, na mtu anaendelea kudaiwa gari asilokuwa nalo.

Binamu yangu hakufika huko. Alimaliza kulipa, na mkopeshaji akamtumia barua ya kufuta lieni. Sasa jirani yake, mtu wa Bukavu, anataka kulinunua gari alipeleke kwao Kongo, ambako wanaendesha upande wa kulia kama Marekani. Forodha wa Marekani wanataka gari pamoja na taito halisi angalau saa 72 kabla ya meli kuondoka, na pakiwa na jina la mkopeshaji kwenye taito lazima pawe na karatasi yake inayoonyesha kwamba hadai tena, au kwamba anaruhusu gari lisafirishwe. Taito tumeipata palepale nilipomshauri aifiche. Barua ndiyo bado tunaitafuta.