Kagua Miti ya Mapambo Kabla ya Kunyunyiza Dawa

Majira ya kuchipua yanapoanza, joto lile lile linalofungua machipukizi ya miti na vichaka vya mapambo ndilo linaloangua mayai ya wadudu wengi wanaoishambulia. Watu wengi hutafuta ushauri wakati majani yamekwisha kujikunja au kutobolewa, na mara nyingi mdudu aliyefanya uharibifu huo ama amekomaa, ama amekwisha kuondoka. Kwa sababu hiyo tunasisitiza ukaguzi uanze mapema, mti ukiwa bado haujatoa majani, na urudiwe kila wiki.

Anza na matawi membamba. Viwavi wanaojenga mahema ya utando hutoka katika mayai yaliyoshikamana kwa mamia na kukizunguka kitawi kama bangili. Kitawi hicho kikikatwa na kuteketezwa mbali na mti kabla ya mayai kuanguliwa, kundi zima huwa limekwisha bila tone la dawa. Ikiwa hema limekwisha kujengwa, liondoe siku ya mvua au ya baridi, viwavi wakiwa wamejikusanya ndani. Usilichome likiwa mtini, kwani moto huudhuru mti kuliko viwavi wenyewe. Viwavi wachanga waliotawanyika hudhibitiwa vizuri na dawa ya bakteria aina ya Bacillus thuringiensis, ambayo ni lazima wale jani lililonyunyiziwa ndipo iwaue. Kwa waliokomaa haifai sana.

Wadudu magamba ndio wanaowachanganya watu zaidi. Mdudu mzima hujibandika kwenye gome akifyonza utomvu, hatembei, na gamba lake huzuia dawa nyingi, hata mwenye bustani hudhani ni sehemu ya mti. Kwaruza kwa ukucha: gamba likibanduka na chini yake ukaona mwili laini au mayai, basi umempata. Udhaifu wake uko utotoni, makinda yanapotambaa kutafuta mahali pa kujibandika. Zungushia tawi utepe wenye gundi pande zote mbili, kisha uukague kwa lenzi ya mkono kila baada ya siku chache. Vijidoa vya manjano au vya rangi ya chungwa vikianza kunasa, huo ndio wakati wa kunyunyiza mafuta maalumu ya bustani au sabuni ya kuulia wadudu. Dawa hizi humuua mdudu pale tu zinapomgusa, kwa hiyo lowesha pia upande wa chini wa majani, na usinyunyize mafuta kwenye mti wenye kiu wala wakati wa baridi ya kugandisha. Magamba ya wadudu waliokufa huweza kubaki kwenye gome kwa miezi mingi, hivyo usirudie dawa kwa kuyaona tu.

Vidukari, wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu, hutambulika kwa majani yaliyojikunja, majimaji matamu yanayonata na kuvu nyeusi inayoota juu yake. Mara nyingi mpira wa maji wenye nguvu unatosha kuwaangusha. Mbolea nyingi ya nitrojeni huwaongeza, kwa kuwa huchochea machipukizi laini wanayoyapenda. Palipo na lava (wadudu wachanga) na nyigu wadogo wanaowashambulia vidukari, tunaomba wapewe nafasi, kwani dawa kali huwaua hao kwanza na vidukari huongezeka upya kwa kasi.

Mti unaochanua maua usinyunyiziwe kiuatilifu chochote kinachodhuru nyuki. Dawa zinazomiminwa ardhini na kufyonzwa na mizizi nazo zinahitaji tahadhari kubwa, kwa sababu huweza kufika kwenye chavua na nekta.

Mti wa majani mapana wenye afya ukipoteza majani mara moja kwa kawaida huchipua tena, lakini misonobari na jamii yake hupona kwa shida, basi miti hiyo ikaguliwe kwanza. Vipekecha wa shina, ambao dawa huwafikia kwa nadra wakishaingia ndani, huvutiwa zaidi na miti iliyodhoofika: mwagilia kwa kina wakati wa ukame, weka matandazo ya sentimita 5 hadi 10 bila kuyagusisha na shina, na uizuie mashine ya kukatia nyasi isichubue gome.