Baraza la Kata Halikupi Ushindi wa Shamba

"Twende kata wakakuhukumu!" Ndivyo watu wanavyotishana Tanzania Bara jirani anaposogeza mpaka. Tishio hilo ni hewa. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7 wakiwamo wanawake 3, nalo ni la usuluhishi.

Kwenye baraza la kata wanaketi wajumbe 3, angalau mmoja mwanamke. Wakishindwa, wanathibitisha hivyo kwa maandishi, ndipo uende baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, waweza kwenda hata bila cheti hicho.

Suluhu nyingi huharibikia kwenye karatasi. "Wamekubali kugawana" haitoshi hata kidogo: mpaka unapita mnyaa upi, mita ngapi kutoka mferejini, na mihogo iliyokwisha kupandwa atavuna nani? Tembeeni mpakani pamoja na majirani wa pande zote, pimeni kwa futi kamba, pandeni alama siku hiyo hiyo, kisha wote watie saini. Wenzi wenu pia. Mke asiyeshirikishwa anaweza kuyapinga makubaliano hayo.