Kipande kilichobaki hakimaanishi daktari hakusoma

Mwezi haupiti bila ndugu wa mgonjwa kuniwekea mezani picha ya MRI ya baada ya upasuaji, kidole juu ya kijidoa cheupe: "Daktari, si tuliambiwa aliyempasua amesomea ubingwa bobezi nje? Mbona ameacha kipande cha uvimbe?" Wagonjwa na ndugu zao nawavumilia, maana hakuna aliyewaeleza. Lakini juzi maneno hayo hayo nimeyasikia kwa daktari kijana anayekaribia kumaliza ubingwa wa upasuaji wa ubongo. Anatafuta nafasi ya kwenda kusomea upasuaji wa sakafu ya fuvu, na sababu aliyonipa ni kwamba akirudi "awe anatoa uvimbe wote". Huyo nilimkalisha chini.

Sakafu ya fuvu ndiyo njia kuu ya kila kinachoingia na kutoka kichwani: neva za macho, uso, masikio na kumeza, karotidi mbili (mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo), na nyuma yake shina la ubongo. Uvimbe unaoota huko mara nyingi si saratani. Unakua taratibu, miaka na miaka, ukizikumbatia neva hizo bila mgonjwa kujua. Tukifika sisi, swali la kama uvimbe unatoka au hautoki huwa limekwisha kujibika, kwa sababu karibu kila uvimbe unatoka ukiuvuta vya kutosha. Kinachobaki kuulizwa ni utatoka na nini.

Chukua shwanoma ya neva ya usikivu, uvimbe unaoota kwenye ala ya neva hiyo. Ikishakuwa kubwa, neva ya uso huwa imetandazwa juu yake, nyembamba kama utando wa kitunguu, na mahali inaposhika zaidi ni karibu na mdomo wa tundu la sikio la ndani. Unaweza kuutoa uvimbe karibu wote salama ukabakiwa na gamba la milimita chache hapo. Ukilikwangua, MRI inakuwa safi ya kupendeza, na mgonjwa anaamka mdomo umekwenda upande na jicho halifumbi. Mtaani wanasema amepigwa kiharusi. Jicho lisilofumba hukauka, kioo chake kinapata kidonda, na lisipotunzwa linaweza kupofuka. Ndiyo maana tunaweka elektrodi usoni na kuisisimua neva ile kwa umeme kidogo wakati wote wa kazi. Misuli ikianza kudai umeme mwingi zaidi ili icheze, neva inalalamika, na mtu mzima anaweka vyombo chini.

Hapo huwa nakatishwa: "Lakini wazungu wanatoa wote." Haya. Majid Samii, daktari wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Tehran aliyejenga jina lake Hannover, Ujerumani, ni miongoni mwa waliofika mbali zaidi katika kazi hii. Mwaka 1997 yeye na Cordula Matthies walichapisha matokeo ya shwanoma 1,000 za aina hii: 979 zilitolewa zote, na neva ya uso ilibaki imeungana katika asilimia 93. Watu husoma hiyo 979 na kufunga kitabu. Mimi huwaonyesha zile 21. Hizo ziliachwa kwa makusudi, kwa wagonjwa waliokuwa dhaifu sana hivyo ikatosha kuliondolea shina la ubongo mgandamizo, au kwa wale ambao sikio la upande huo ndilo pekee lililobaki likisikia. Na hata yeye, kwa mikono ile, hakuziokoa neva zote za uso.

Taaluma yenyewe iliwahi kupita njia anayoitaka kijana wangu. Pembeni mwa tezi ya pituitari kuna chumba kidogo cha damu ya vena, sinasi ya kavenosi, ambamo karotidi hupita pamoja na neva zinazozungusha jicho. Kwa muda mrefu hapakuguswa. Miaka ya 1980 daktari Vinko Dolenc wa Ljubljana, Slovenia, alionyesha kwamba panaingilika, na wengi wakamfuata, wakitoa meninjioma za humo (uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo) mpaka chembe ya mwisho. Uvimbe ulitoka, lakini macho mengi yaliacha kuzunguka, na baadhi ya uvimbe ulirudi vilevile. Leo wengi wetu tunatoa sehemu iliyo nje ya chumba hicho, na iliyo ndani tunaiachia mionzi lengwa, yaani miale inayoelekezwa kwenye uvimbe wenyewe.

Mionzi hiyo, ambayo daktari Lars Leksell aliianzisha Stockholm, nayo ina masharti yake. Haifai uvimbe mkubwa. Kwa kawaida tunataka usizidi kipenyo cha sentimita 3 hivi. Tena haivumiliki karibu na neva ya macho. Kwa hiyo mara nyingi kazi yangu ni kukata kwa namna ambayo kipande kitakachobaki kitakuwa kidogo, na kati yake na neva ya macho papatikane nafasi ya milimita chache ya kupitisha dozi salama. Shwanoma na meninjioma ndogo zikipigwa mionzi hivyo, zaidi ya 9 kati ya 10 huacha kukua kwa miaka mingi. Kile kijidoa cheupe unachoninyooshea kidole huenda ndicho kilichopangwa kabla mgonjwa hajalazwa.

Usiondoke hapa ukisema nimefundisha kuacha uvimbe. Kodoma, saratani inayoota kwenye mfupa wa sakafu ya fuvu, ni kinyume kabisa: ukibakiza kingi, kinarudi kwa hasira, na mionzi peke yake haikifuti. Meninjioma iliyo juu ya paa la pua, mahali pasipo na neva ya kulilia zaidi ya ile ya kunusa, mara nyingi inatoka yote pamoja na mfupa iliyoushika. Kujua ipi ni ipi, na lini katikati ya saa ya nane ya upasuaji ubadilishe mpango, ndicho watu wanachokifuata kwenye mwaka wa ubobezi. Marekani mtu huwa amekwisha kukaa miaka 7 ya ubingwa wa kawaida kabla ya mwaka huo, kwa hiyo kushika drili anajua. Anakwenda kumtazama mkuu wake anaposimamisha kazi, kisha kumfuatilia mgonjwa yule yule kliniki.

Mnaotafuta nafasi, ulizeni kituo wagonjwa wao wakoje baada ya mwaka, na kama mtaruhusiwa kukaa maabara ya anatomia. Daktari Albert Rhoton kule Gainesville, Marekani, alijaza mpira wa rangi kwenye mishipa ya maiti, nyekundu kwa ateri na bluu kwa vena, na madaktari wa dunia nzima wakapita mezani kwake kwa miezi mingi. Kozi ya siku tatu yenye cheti cha kung'aa ni utangulizi tu. Tafadhali msiibandike ukutani kliniki.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kila mara. "Mashine inamwongoza daktari." Mashine ya urambazaji inakuambia uko wapi, kwa makosa ya milimita moja au mbili. Ukuta wa karotidi hausubiri milimita mbili. Wala haikuambii kama uvimbe ni laini au umeganda kama mpira.

"Bingwa wa ubongo anatosha peke yake." Hatoshi. Wa masikio, pua na koo awe mezani tangu mwanzo. Njia pana za kuufikia uvimbe kupitia puani zilikuzwa Pittsburgh, Marekani, na Amin Kassam, wa ubongo, akiwa na Carl Snyderman, wa pua. Daktari akikuambia anapitia puani peke yake kila mara, uliza tena.

"Ya puani ni operesheni ndogo, haina kidonda." Kidonda kipo, hukioni tu: ni tundu kati ya pua na ubongo. Zamani operesheni kubwa za njia hii zilivujisha maji ya ubongo mara nyingi mno, mpaka Hadad na Bassagasteguy wa Rosario, Argentina, walipoeleza mwaka 2006 namna ya kuziba kwa kipande cha utando wa pua kilichobaki na mshipa wake wa damu. Kipande hicho kinahitaji utulivu ili kishike. Usipenge kamasi. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Ugoro marufuku. Kula papai na mchicha usije ukajikamua chooni. Anayeswali aswali ameketi, asisujudu mpaka aruhusiwe.

Na ukiinama yakachuruzika maji maangavu puani, hasa upande mmoja, yenye ladha ya chumvi yakishuka kooni, hiyo si mafua, ni maji ya ubongo yanavuja, na dawa ya mafua ya duka la dawa haitaizuia homa ya uti wa mgongo. Usinitumie picha kwa WhatsApp, wala usingoje siku ya kliniki. Njoo hospitali usiku huo huo.