Ramani ya Polisi Haionyeshi Uhalifu Wote wa Jiji

Dhana potofu: mtaa wenye alama chache kwenye ramani ya polisi ni mtaa salama.

Ukweli: ramani hiyo huonyesha matukio yaliyoripotiwa na kuandikishwa tu. Wizi wa magari huripotiwa kwa wingi kwa sababu kampuni za bima hudai taarifa ya polisi kabla ya kulipa fidia, ilhali ukatili wa kingono na vipigo vya majumbani hufichwa kwa hofu, kwa aibu, au kwa kuwa mwathiriwa humtegemea anayemdhuru. Ndiyo maana mtaa ambao wakazi wake hawawaamini polisi, au wanaogopa kuulizwa vibali vya ukaazi, waweza kuonekana shwari huku watu wakiumia. Kinyume chake, ripoti zikiongezeka baada ya kituo kufunguliwa karibu, huenda ni imani iliyokua wala si uhalifu, na kuutangaza mtaa huo kuwa umeharibika ni kuwaonea waliothubutu kusema.

Ili kuyafikia yaliyofichika, Marekani tangu 1973, na England na Wales tangu 1982, huendesha tafiti zinazowauliza wananchi waliyotendewa, wawe waliripoti au hawakuripoti. Zile za Marekani zimeonyesha mara nyingi kwamba takriban nusu ya matukio ya kutumia nguvu hayafiki polisi. Hata hivyo, tafiti za kaya huwakosa wasio na makazi, na kwa kawaida wanaohojiwa ni wachache mno kutoa picha ya mtaa mmoja mmoja.

Dhana potofu: mtaa ukiitwa hatari, kila kona yake ni hatari.

Ukweli: utafiti wa jiji la Minneapolis, Marekani, uliochapishwa 1989 ulikuta kwamba takriban asilimia 3 ya anwani ndizo zilizohusishwa na nusu ya simu zilizopigwa polisi, nazo pia, tukumbuke, ni simu za waliopiga.

Dhana potofu: katikati ya jiji ndiko wakazi wanakodhurika zaidi.

Ukweli: kiwango cha uhalifu hukokotolewa kwa kugawanya matukio kwa idadi ya wanaolala pale, wakati wanaoibiwa wengi huja mchana na kuondoka jioni.

Dhana potofu: takwimu kubwa za makosa ya dawa za kulevya huthibitisha matumizi makubwa.

Ukweli: makosa haya mara nyingi hayana mlalamikaji, hivyo huandikwa pale askari wanapopekua; wakiongezewa doria kwa kufuata takwimu hizo, wataandika mengine palepale.