Usonji katika ukoo: kwa nini tunauliza habari za babu na bibi

Mzazi akishaambiwa kwamba mtoto wake ana usonji, huuliza umesababishwa na nini. Kuna swali jingine ambalo huwa haliulizwi mbele ya mtaalamu, ila likifika nyumbani halina mwisho: umetoka upande gani? Mama anaanza kutazamwa kwa jicho baya na mawifi. Baba anakumbushwa yule kaka yake ambaye hakuoa wala hakuzoeana na mtu. Nikiwa daktari nimeshaona ndoa zikiyumba kwa sababu hiyo, na ndiyo maana naandika. Sayansi ya urithi wa usonji inaeleweka vya kutosha kuiondolea familia lawama isiyoistahili.

Usonji ni tofauti ya makuzi ya ubongo ambayo chanzo chake kwa kiasi kikubwa hutangulia kuzaliwa. Hujitokeza katika namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, katika kupenda utaratibu usiobadilika, katika kuzama kwenye mambo machache kwa bidii isiyo ya kawaida, na katika hisi: sauti, mwanga au mguso ambao wengine hawaujali unaweza kumuumiza yeye.

Mwaka 1977, watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, kila jozi ikiwa na angalau mtoto mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana, ambao jeni zao (chembe za urithi) ni zilezile, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakukuwa na hata moja. Ila matokeo yaliyofungua ukurasa mpya yalikuwa mengine. Walipohesabu pia matatizo ya lugha na ya kujifunza, mapacha wanaofanana waliwiana katika jozi 9 kati ya 11, na wasiofanana katika jozi 1 tu kati ya 10. Maana yake ni kwamba kinachopita katika damu ni kipana kuliko usonji wenyewe. Ndugu mmoja anaweza kuwa na usonji kamili, mwingine akawa na chembe zake tu.

Tafiti za baadaye zimekuwa kubwa zaidi. Ule wa mwaka 2019 uliofuatilia zaidi ya watoto milioni 2 wa Denmark, Finland, Sweden, Israel na Australia Magharibi ulikadiria mchango wa urithi kuwa karibu asilimia 80. Namba hii inawachanganya wengi, kwa hiyo niikalie kidogo. Haisemi kwamba mzazi mwenye usonji ana uwezekano wa asilimia 80 wa kupata mtoto mwenye usonji. Haisemi pia kwamba usonji wa mtoto wako umetokana na jeni kwa asilimia 80 na malezi yako kwa asilimia 20. Inazungumzia tofauti kati ya watu katika jamii nzima, kwamba sehemu kubwa ya sababu za huyu kuwa na usonji na yule kutokuwa nao iko kwenye jeni. Sehemu iliyobaki inahusishwa na mambo kama kuzaliwa njiti, au mama kutumia valproeti, dawa ya kifafa, wakati wa ujauzito. (Anayeitumia dawa hiyo asiiache kienyeji, azungumze na daktari wake kabla hajapanga kushika mimba.) Malezi hayamo. Chanjo haimo: watoto zaidi ya 650,000 wa Denmark walifuatiliwa, matokeo yakatoka mwaka 2019, na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela haikuonekana kuongeza usonji.

Wazazi walivyosomwa kinyume

Leo Kanner, daktari aliyeeleza usonji mwaka 1943 kwa kuwatumia watoto 11 aliowachunguza Marekani, aliandika kwamba watoto hao walizaliwa na upungufu huo. Lakini aliandika pia kuhusu wazazi wao: watu makini, wasio na maneno mengi, waliozama kwenye kazi zao, wagumu kuonyesha hisia. Miaka ya 1950 na 1960 wengine wakalichukua hilo na kulijengea hoja kwamba mtoto hujifungia kwa sababu mama hakumpenda vya kutosha. Wanawake wengi walibebeshwa hatia hiyo, na baadhi ya watoto walitengwa na wazazi wao kwa jina la tiba. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliivunja hoja hiyo kwa ushahidi wa kibiolojia.

Kanner aliona sawasawa. Alichokiona ndicho kilichosomwa kinyume baadaye. Baba asiyependa maongezi hakumtia mtoto wake usonji kwa ukimya wake. Baba na mtoto wamechota kisima kimoja.

Leo tunaporudi kwenye habari za ukoo, hatutafuti wa kumlaumu. Hata hivyo ukimuuliza mzazi, "Je, kuna mwenye usonji katika familia?" karibu kila mara atakujibu hakuna. Anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Kwa hiyo tunauliza vingine. Nani alichelewa kuongea akiwa mdogo? Nani nyumbani kwenu ana nguo moja tu anayoikubali mwilini, nyingine zote "zinawasha"? Nani akipangiwa safari ya asubuhi na ikaahirishwa, siku nzima inakuwa imeharibika? Nani anajua kila kitu kuhusu injini, au ndege, au tarehe za kuzaliwa za watu wote, na ukimpa nafasi haachi kuzungumza? Nani husema ukweli wote msibani, mbele za watu, halafu akashangaa watu wamekasirika?

Hapo ndipo bibi aliyemsindikiza mjukuu wake, ambaye hadi sasa alikuwa amenyamaza, hujiinua kwenye kiti: "Lakini huyu mtoto ni marehemu babu yake mtupu." Kisha anaeleza. Marehemu alikuwa akila chakula kilekile kila siku, sahani ileile, na mchuzi usiguse kitu kingine. Wageni wakija alitokea mlango wa nyuma. Saa yoyote iliyoharibika alikuwa anaitengeneza bila kufundishwa na mtu. Watu walisema ana kiburi. Bibi alijua si kiburi, ila hakuwa na jina la kuliita.

Habari hizo hazitoshi kusema babu alikuwa na usonji, na si kazi yetu kuwapima marehemu. Tabia hizi zipo kwa watu wengi wasio na usonji. Usonji tunausema pale zinapokuwa nyingi kwa pamoja, zimeanza utotoni, na zinamkwamisha mtu katika maisha ya kila siku. Usonji ulipewa nafasi yake katika mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili mwaka 1980 tu. Kazi ya Hans Asperger, daktari wa Austria aliyeeleza watoto wa namna hii, iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1944, ilianza kusomwa kwa mapana baada ya Lorna Wing, daktari wa Uingereza, kuiandikia mwaka 1981. Kizazi cha babu kilipita kabla ya hapo, na watu wake wakabaki na majina ya mtaani: mkimya, mkaidi, mtu wa ajabu, mtu wa peke yake.

Unapitaje kutoka kizazi hadi kizazi

Hakuna jeni moja ya usonji. Kwa walio wengi kuna mamia ya tofauti ndogondogo za jeni, kila moja ikiwa na nguvu kidogo sana, na zote zimesambaa katika jamii nzima. Wewe unazo, na mimi ninazo. Mama anaweza kuwa nazo kadhaa zisizomletea shida yoyote, baba naye zake, na mtoto akapokea mchanganyiko uliofika mahali ambapo wazazi wake hawakufika, kama ambavyo wazazi wa kimo cha wastani wanaweza kuzaa mtoto mrefu kuliko wote wawili. Ndiyo maana swali la "upande gani" mara nyingi halina jibu moja: pande zote mbili zimechangia. Mchanganyiko huohuo unaweza kuonekana kwa ndugu mwingine kama tatizo la umakini na utulivu, au kuchelewa kuongea.

Kuna pia mabadiliko makubwa zaidi ambayo ni adimu. Mengine hayajarithiwa na yeyote: yametokea kwa mara ya kwanza kwenye yai au mbegu ya kiume. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila mwaka unaoongezeka kwenye umri wa baba, mtoto hupata takriban mabadiliko mapya mawili zaidi, mengi yake yasiyo na madhara. Mwaka uliofuata, watafiti wa Sweden waliona kwamba wanaume waliopata mtoto wakiwa na miaka 50 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mjukuu mwenye usonji, ingawa mtoto wao, yaani mzazi wa mjukuu huyo, hakuwa nao. Kwa hiyo kitu kinaweza kuruka kizazi kizima kimyakimya.

Wanawake ni mlango mmojawapo wa ukimya huo. Wasichana wanaonekana kuhitaji mzigo mkubwa zaidi wa jeni kabla usonji haujaonekana, na wengi walio nao hujifunza kuuficha: wanaiga wenzao, wanakariri maongezi, wanatabasamu inapotakiwa, kisha wakifika nyumbani wameishiwa nguvu. Nakutana na akina mama wa namna hii mara nyingi. Wanasoma dodoso la mtoto wao, yaani yale maswali ya uchunguzi ambayo mzazi huyajaza, wanafika nusu, wanaweka kalamu chini na kusema, "Daktari, hizi zote ni zangu."

Kwa familia iliyo na mtoto mmoja mwenye usonji, takwimu za kupangia ni hizi. Utafiti wa mwaka 2011 uliofuatilia wadogo 664 wa watoto wenye usonji ulikuta karibu asilimia 19 nao wakiwa nao: takriban asilimia 26 kwa wavulana na asilimia 9 kwa wasichana. Waliokuwa na kaka au dada zaidi ya mmoja mwenye usonji walifika asilimia 32. Kwa hiyo mdogo wake aangaliwe mapema, bila kusubiri mtu aseme "wanaume wa ukoo huu huchelewa kuongea". Mtoto wa miezi 12 asiyegeuka akiitwa jina, wa miezi 18 asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu kilichomfurahisha, au wa umri wowote aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, aletwe. Apimwe na masikio. Kipimo cha damu cha usonji hakipo. Vipimo vya jeni hutafuta sababu mahususi, kama ile ya kromosomu X dhaifu (hali ya kurithi inayoathiri makuzi ya akili), na vikipata jibu huwasaidia pia shangazi na binamu wanaopanga kuzaa.

Na mzazi aliyejiona kwenye dodoso la mwanawe ana haki ya kuchunguzwa yeye mwenyewe, hata akiwa na miaka 50. Aje na mtu aliyemjua kabla hajaanza shule, mama yake au dada mkubwa, na ripoti za shule ya msingi kama zipo. Yale maoni mafupi ya mwalimu pembeni, "ana akili lakini hachangamani na wenzake", hutusaidia kuliko alama za mtihani.