Kuonesha filamu huru za wanawake Weusi Moshi na Arusha: hakimiliki, tafsiri, mwanga na sauti

Kathleen Collins, mwongozaji Mweusi wa Marekani, alimaliza filamu yake Losing Ground mwaka 1982. Alifariki 1988 akiwa na miaka 46, filamu yake ikiwa haijapata kusambazwa kwenye majumba ya sinema. Ilifika huko 2015, baada ya binti yake kuiokoa nakala ya asili na msambazaji mdogo wa Marekani, Milestone, kuitoa upya. Miaka 33 ilikaa kwenye kopo, na wala si kwa kuwa ilikuwa mbovu. Ilikosa mtu wa kuibeba.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaotaka kuandaa usiku wa filamu za namna hii huanza kutafuta projekta. Projekta utaazima. Mtafute kwanza mwenye haki.

Filamu huru ni ile iliyotengenezwa nje ya kampuni kubwa, na mara nyingi haki zake ziko kwa msambazaji mdogo au kwa familia. Daughters of the Dust ya Julie Dash, ya 1991, iko kwa Cohen Media Group, waliotoa nakala iliyosafishwa mwaka 2016. Filamu nyingi za kumbukumbu zilizoongozwa na wanawake ziko kwa Women Make Movies wa New York. Mwongozaji Ava DuVernay aliona tatizo hili mapema: filamu yake I Will Follow aliipiga kwa wiki mbili hivi kwa dola 50,000 hivi, halafu akaanzisha mtandao wake mwenyewe wa usambazaji, ambao leo unaitwa ARRAY. Akaunti ya Netflix haikupi ruhusa ya kuonesha hadharani, hata kama hutozi kiingilio. Ile ni ya sebuleni kwako.

Barua pepe ya kuomba iwe fupi, lakini isiache kitu: jina la filamu na mwaka wake, ukumbi na mji, tarehe, idadi ya viti, kama kuna kiingilio na ni shilingi ngapi, faili la aina gani unaweza kucheza, na kwamba unaomba pia ruhusa ya kuweka maandishi ya Kiswahili. Usipotaja viti na kiingilio watakutajia bei ya ukumbi wa chuo kikuu cha Marekani. Ukitaja viti 80 vya plastiki na kiingilio bure, mazungumzo yanabadilika. Waandikie wiki nane kabla.

Huku nyumbani kuna Bodi ya Filamu, iliyo chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Pitia kwa Afisa Utamaduni, wa Jiji ukiwa Arusha na wa Manispaa ukiwa Moshi, ukiwa na maelezo ya filamu kwa Kiswahili na nakala ya kutazamwa. Usichapishe matangazo kabla ya kibali.

Sasa filamu yenyewe. Kwa Moshi mimi ningeanza na Kaddu Beykat ya Safi Faye, Msenegali, ya 1975. Jina lake kwa Kiwolofu ni sauti ya mkulima. Kijiji kinategemea zao moja, karanga, mvua inakataa, kodi haikatai, na kijana Ngor anakwenda Dakar kusaka pesa ya kumuoa Coumba. Weka kahawa mahali pa karanga uone kama kuna mzee wa Kibosho au Rombo atakayehitaji kufafanuliwa. Kwa Arusha, Sambizanga ya Sarah Maldoror, 1972: mwanamke wa Angola, Maria, mtoto mgongoni, anatembea kutoka kituo cha polisi hadi kingine akimuulizia mumewe aliyekamatwa na Wareno. Kamera haimharakishi. Anayejua kungoja kwenye benchi la ofisi ya serikali ataisoma filamu hiyo kwa magoti.

Ukitaka kitu kifupi, chukua These Hands ya Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling, ya 1992, dakika 45. Inaonesha wanawake wakimbizi wa Msumbiji wakiponda kokoto karibu na Dar es Salaam, na maneno ni machache mno. Iunge na Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, dakika 21, ya 2009. Jumla dakika 66, na watu wanarudi nyumbani daladala zikiwa bado zipo.

Tafsiri ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanapoharakisha. Filamu hizi zina Kiwolofu, Kireno, Kifaransa, na hiyo ya Julie Dash ina Kigullah, lugha ya visiwa vya South Carolina ambayo hata Wamarekani wengi inawapiga chenga. Ukiweka maandishi ya Kiingereza tu, nusu ya watu wa Majengo au Ngarenaro watatazama picha na kukisia.

Faili la tafsiri ni maandishi matupu yenye saa za kuanza na kuisha, aina ya srt. Programu ya bure ya Subtitle Edit inatosha. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo usichukue kipimo cha Kiingereza kama kilivyo. Mimi sivuki herufi 38 kwa mstari, mistari miwili kwa wakati mmoja, na kasi ya herufi 14 kwa sekunde. Andiko lisipungue sekunde moja wala kuzidi sita. Chukua sentensi hii: "Nilikuwa nimemwambia kwamba asirudi tena nyumbani kwetu." Ni herufi 55 ukihesabu na nafasi, inahitaji karibu sekunde nne. "Nilimwambia asirudi kwetu" ni 25, sekunde mbili hazifiki. Kama mhusika ameisema kwa sekunde mbili, huna la kuchagua. Kata "kwamba", kata "nilikuwa nime-", kata majina ya kuitana ambayo sikio limeshayasikia.

Kiswahili kina mitego yake. "Alimpenda" haisemi ni mwanamume au mwanamke, na mara nyingi haidhuru, ila katika ugomvi wa watu watatu mtazamaji atapotea. Rudisha jina. Ndugu nao wanasumbua: neno moja la Kiingereza kwetu linaweza kuwa shangazi, mama mkubwa au mama mdogo. Huwezi kuchagua mpaka uitazame filamu yote ujue ukoo umekaaje. Daughters of the Dust ni ukoo mzima uliokusanyika ufukweni mwaka 1902, kesho yake wahamie kaskazini, na sehemu ya hadithi inasimuliwa na mtoto ambaye hajazaliwa. Chora mti wa ukoo kwenye karatasi kabla hujatafsiri mstari wa kwanza. Na tafadhali, Kigullah usikigeuze Kiswahili cha kubananga ili "kisikike cha shamba". Ile ni lugha kamili yenye mizizi Afrika. Mpe Nana Peazant, bibi mkuu wa ukoo huo, Kiswahili cha bibi mwenye heshima zake.

Makosa ya kiufundi ni mawili, na yanatambulika. Maandishi yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, yasogeze tu. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ni vitufe vya G na H. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti, faili la tafsiri lilitengenezwa kwa fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 24. Kufika dakika ya 90 tofauti ni zaidi ya dakika tatu na nusu, na hakuna kitufe cha kusogeza kitakachoponya hilo. Badilisha kasi ya fremu ndani ya Subtitle Edit. Halafu hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Usipofanya hivyo, alama iliyopinda ya "ng'ombe" inaweza kutokea skrinini kama alama ya ajabu, na ukumbi utacheka mahali pasipo pa kucheka.

Kuna wanaopendekeza DJ wa kutafsiri kama wa vibanda umiza. Sidharau kazi ile, ni ufundi. Lakini DJ hujaza kila kimya, na katika filamu hizi kimya ndicho kinachozungumza. Kama kuna wasiosoma, weka msomaji mmoja mwenye maikrofoni asome maandishi tu, sauti yake iwe chini kidogo ya ile ya filamu, na pasipo maandishi anyamaze.

Mwanga una habari ya pekee hapa. Kwa miongo mingi kadi za kupimia rangi za Kodak zilitumia uso wa mwanamke mzungu kama kipimo, na ngozi nyeusi ikatoka kama tope. Julie Dash na mpiga picha wake Arthur Jafa walichagua utepe wa filamu wa kampuni ya Agfa-Gevaert kwa sababu hiyo, na kazi yao ikapata tuzo ya upigaji picha kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Sasa wewe uichukue kazi hiyo ya mwanga uipitishe kwenye projekta dhaifu? Utarudisha tope lilelile.

Kwa skrini ya meta 3 kwa 1.7 tafuta projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 2,500 hadi 3,000, zilizoandikwa ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Zile ndogo za dukani zenye maandishi "9000" mara nyingi hazifiki hata ANSI 200, ambazo kwenye skrini hiyo ni kama robo ya mwanga wa jumba la sinema. Zima hali ya "dynamic", weka ya sinema, kisha chukua tukio la usiku ndani ya filamu lenye uso mmoja gizani, pandisha mwangaza taratibu mpaka uione mikunjo ya nguo nyeusi, usimame hapo. Ukizidisha, weusi unakuwa kijivu na nyuso zinapauka.

Filamu za zamani zilizopigwa kwa utepe wa 16mm nyingi zina umbo la 4:3. Kwenye skrini ya urefu wa meta 1.7 picha itachukua upana wa meta 2.25 hivi, na pembeni kutabaki weusi. Uache. Ukiivuta ijaze skrini, nyuso zote zinanenepa.

Shuka moja jeupe linavuja mwanga. Shona kitambaa cheusi nyuma yake. Ukingo wa chini wa skrini uwe meta 1.5 kutoka ardhini. Hili husahaulika kuliko yote: maandishi yako chini ya picha, na vichwa vya waliokaa mbele ndiko viliko. Mstari wa mwisho wa viti usizidi meta 15. Nje, kitambaa hicho ni tanga la jahazi: kamba nne za pembeni hazitoshi, funga na katikati.

Jua la huku huzama kati ya saa 12:20 na 12:55 jioni kulingana na mwezi, basi nje usianze kabla ya saa 1:15. Machi hadi Mei kaa ndani, ila si chini ya bati tupu, kwani mvua ikianza hata spika nne hazishindi. Juni na Julai usiku wa Arusha ni wa koti, na dakika 112 za Julie Dash nje ni adhabu.

Sauti: spika mbili za inchi 12 zatosha watu 80, zikiwa juu ya stendi, usawa wa vichwa au zaidi kidogo. Kama muziki unavuma na mazungumzo hayasikiki, faili lina njia sita za sauti na laptopu inatoa mbili, ile ya katikati yenye maneno imepotea. Chagua stirio kwenye menyu ya sauti. Mvumo wa "mmmm" usiokoma kwa kawaida unatoka kwenye chaja ya laptopu. Ichomoe usikie.

Omba faili la mp4 la 1080p. Kwa megabiti 12 kwa sekunde, dakika 90 ni gigabaiti 8 na kidogo, na flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili lililozidi gigabaiti 4. Itakataa ukiwa umebakiwa na saa moja. Ifomati exFAT. Wakikutumia DCP, hiyo ni ya mitambo ya sinema. Laptopu ya kawaida itahangaika nayo, na ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri haitafunguka kabisa. Itazame filamu yote, kutoka kwenye flashi hiyohiyo na laptopu hiyohiyo, siku mbili kabla.

Projekta na laptopu zipite kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika, projekta ya taa inahitaji feni iendelee kama dakika mbili; ikizimika ghafla ikiwa ya moto, taa inakufa mapema, na taa ndiyo ghali. Baada ya onesho pia, bonyeza kuzima, subiri feni inyamaze, ndipo uchomoe waya. Wakati unasubiri, hesabu viti vilivyokaliwa. Kesho yake mwandikie msambazaji idadi halisi, hata kama ni 23, kisha futa faili lake.