Maana ya kutojali uwanjani, na lawama ya mguu uliovunjika

Katika soka, kutojali ni kumwendea mpinzani kwa namna inayomweka hatarini huku mchezaji akiipuuza hatari hiyo au madhara yanayoweza kumpata mwenzake. Si lazima awe amekusudia kuumiza, wala si lazima mtu aumie ndipo tendo lake liitwe la kutojali. Mambo hayo mawili ndiyo yanayopotea kila mashabiki wanapobishana baada ya mtu kuvunjika mguu, na nimeyashuhudia yakipotea hapa Mtwara, katika mechi ya ndondo iliyochezwa Chikongola, nikiwa nimesimama hatua chache tu kutoka mahali penyewe.

Winga alikuwa ameusukuma mpira mbele kidogo kuliko alivyotaka. Beki wa upande wa pili alitoka mbali kwa mbio, akajirusha miguu yote miwili ikiwa imeacha ardhi na meno ya daluga yakitazama mbele. Mpira aliugusa, hilo ni kweli, lakini hakuishia kwenye mpira. Tulisikia mlio mkavu kama wa kijiti cha muhogo kinapovunjwa, kisha uwanja mzima ukanyamaza. Mwamuzi alikuwa ameshaishika kadi ya njano mkononi. Alipousogelea ule ugoko na kuona ulivyopinda, aliirudisha mfukoni akatoa nyekundu. Kijana aliondolewa kwa bajaji, mguu ukiwa umefungwa kwa vipande viwili vya mbao na kanga ya mama aliyekuwa akiuza karanga pembeni.

Jioni, kwenye kijiwe cha kahawa, mazungumzo yalikuwa hayo tu. Wapo waliosema beki ni muuaji na afungiwe maisha. Wapo waliosema hakukusudia, kwamba mpira ni mchezo wa kugusana na ajali haina kinga. Wengine, na hawa waliniudhi zaidi, walimlaumu winga mwenyewe kwa kuzidisha chenga, kana kwamba kuujua mpira ni kosa linalostahili kulipiwa kwa mfupa. Mzee mmoja akauliza swali linaloulizwa kila kijiwe: “Jamani, alicheza mpira au alicheza mtu?”

Swali hilo ni la zamani na linaeleweka, lakini halitoshi. Sheria ya 12 ya mchezo, inayohusu makosa na utovu wa nidhamu, inaupima ukabaji kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni uzembe, yaani mchezaji hakuwa makini au hakuchukua tahadhari. Hiyo ni faulo na haihitaji kadi. Ya pili ndiyo kutojali, na adhabu yake ni kadi ya njano. Ya tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mpinzani, na hapo mchezaji hutolewa nje. Sheria inamtaja waziwazi mchezaji anayejirusha kwa mguu mmoja au yote miwili, awe anatokea mbele, ubavuni au nyuma, kwa nguvu iliyozidi au kwa kuhatarisha usalama wa mwenzake. Haisemi kwamba ataachwa iwapo ameanza kuugusa mpira, na katika kupima ngazi hizo tatu haimtaki mwamuzi achungulie moyo wa mtu kutafuta nia, wala haiutaji mfupa.

Kwa nini mfupa usiwe mizani? Wakulima wa korosho huku kwetu watanielewa haraka. Mtu anachoma majani shambani kiangazi, upepo unavuma, na hakufyeka ukanda wa kuuzuia moto usivuke. Upepo ukigeuka, mikorosho ya jirani itasalimika, usipogeuka, itateketea. Kosa la mchomaji limeshatimia alipowasha kiberiti katika hali ile, na upepo unaamua hasara tu. Jirani aliyefyeka vizuri, akachoma alfajiri pametulia, kisha kimbunga cha ghafla kikabeba cheche, amepata hasara kubwa ileile bila kuwa mtojali. Mguu unavunjika au hauvunjiki kwa sababu nyingi ambazo mkabaji hazitawali: jinsi daluga ilivyonasa mchangani, uzito wa mwili uliegemea wapi, mchezaji wa tatu alitokea upande gani.

Tukio la Novemba 3, 2019 huko Goodison Park, Uingereza, linaonyesha jambo hili vizuri. Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kwa nyuma; Gomes, akiwa anaanguka, akagongana na Serge Aurier, na kifundo chake kikaumia vibaya mno. Mwamuzi Martin Atkinson alikuwa anaelekea kwenye kadi ya njano, akabadilisha kuwa nyekundu. Siku chache baadaye kadi hiyo ilifutwa na chama cha soka cha Uingereza. Jeraha lilikuwa la kutisha, na Son mwenyewe alitoka uwanjani akilia, lakini faulo yenyewe haikuwa ya kiwango hicho.

Upande wa pili wa sarafu ni nusu fainali ya Kombe la Dunia ya Julai 8, 1982, mjini Seville. Kipa wa Ujerumani Magharibi, Harald Schumacher, aliruka na kumgonga Patrick Battiston wa Ufaransa, aliyepoteza fahamu na meno. Mwamuzi hakutoa hata faulo. Kwa hiyo jeraha kubwa linaweza kutokana na kosa dogo, na kosa kubwa linaweza kupita bila adhabu.

Nia nayo ina mahali pake, ila ni mahali pengine. Roy Keane wa Manchester United alipomkanyaga Alf-Inge Haaland wa Manchester City mwaka 2001 alipewa kadi nyekundu kama mchezaji mwingine yeyote. Mwaka 2002, maelezo yake mwenyewe kuhusu tukio hilo, yaliyoonyesha kwamba alikusudia, yalipochapishwa, alifungiwa mechi tano na kutozwa faini ya pauni 150,000. Anayekusudia ana lawama ya juu zaidi, na hakuna anayebisha. Kosa letu ni kugeuza jambo hilo na kudai kwamba asiyekusudia hana lawama kabisa. Ryan Shawcross wa Stoke alipomvunja mguu Aaron Ramsey wa Arsenal, Februari 2010, alitoka uwanjani kwa kadi nyekundu huku akibubujikwa na machozi, na waliomjua wakamtetea kwamba si mtu wa tabia hiyo. Huenda kweli si tabia yake. Lakini tunapima tendo la sekunde ile, na machozi ya kweli hayapunguzi kasi aliyokuja nayo.

Vilevile tendo halimgeuzi mtu kuwa mnyama. Miaka miwili kabla ya hapo, Martin Taylor wa Birmingham City alipomvunja Eduardo wa Arsenal katika dakika ya tatu ya mchezo, kocha Arsène Wenger alisema mchezaji huyo asicheze tena maishani, kisha siku hiyohiyo akaifuta kauli yake. Aliifuta vyema.

Tukirudi Chikongola, mimi nashikilia kwamba kadi nyekundu ilikuwa sahihi na sababu ya kuitoa haikuwa sahihi. Ilistahili kutolewa kabla mwamuzi hajauona ugoko. Kulikuwa na umbali, kasi, miguu miwili hewani, meno ya daluga mbele na mpira uliokuwa karibu zaidi na winga. Kama kijana yule angeruka juu akasalimika, sote tungepiga makofi na kusema beki ana roho ngumu, na wiki iliyofuata angejirusha tena.

Baada ya majuma kadhaa winga alikuja kijiweni kwa magongo, na beki akaja na kuketi naye benchi moja. Alikwishamwomba radhi nyumbani kwao, mbele ya wazazi, na akasamehewa. Mzee yule wa swali la zamani safari hii hakuuliza kuhusu mpira wala mtu. Alimwuliza kwa upole, “Mwanangu, ulipokwisha kuruka, ungeweza kusimama?” Beki aliinamisha kichwa akikizungusha kikombe mkononi, kisha akajibu kwamba hapana, na kwamba alilijua hilo kabla hajaruka.